Nina elfu ishirini, nibadilishe lenzi ya kamera ama niwache?

SWALI

Habari ya kazi. Mimi ni kijana wa Umoja, napiga picha kanisani kwetu, bathdei za watoto wa majirani, na msimu wa mahafali nashinda Kenyatta University nikitafuta wateja. Kamera yangu ni Canon 2000D na lenzi ni ile ile ilikuja nayo, 18-55. Mchana nje picha ziko poa hata mimi mwenyewe huzipenda. Shida ni ibada ya jioni na kesha, watu wakiimba picha zinatoka zimetikisika na zina chenga mpaka naona haya kuzituma. Halafu wateja siku hizi wananionyesha picha kwa simu wanasema wanataka "ile ya nyuma kupotea" na yangu haipotei. Nimeweka elfu ishirini kidogo kidogo na sitaki kuimwaga. Rafiki mmoja anasema niuze hii lenzi, mwingine anasema nitafute kamera ingine kabisa, duka moja la mjini wamenitajia 50mm 1.8 mpya kwa elfu kumi na nane, na kuna mtu ananiuzia 50mm kuukuu kwa elfu nane. Bathdei nyingi nafanyia kwa nyumba ndogo, zingine ni single room. Nifanyeje? – Msomaji, Umoja

JIBU

Kaka asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kueleza unapigia wapi na nani anakulipa, maana wengi huuliza tu "lenzi gani ni nzuri" na hapo mtu hawezi jibu, lenzi itakayokuokoa kanisani inaweza kukukwamisha vibaya sana kwa bathdei ya single room.

Nikupe jibu kwanza halafu nieleze. Usiuze 18-55, usibadilishe kamera, nunua 50mm 1.8, LAKINI kabla hujatoa hata shilingi kuna jaribio la bure utafanya Jumapili hii, na likikataa basi hizo pesa ziende kwa flashi.

Kwa nini usiuze? Kwa sababu 18-55 ya mkono wa pili haina bei, ziko nyingi mno, kila aliyenunua kamera ya kuanzia alipewa moja, kwa hivyo utapata pesa kidogo halafu Jumamosi inayofuata uko kwa single room ya futi kumi kwa kumi na huna kitu cha kuonyesha mtoto, keki, mama na shosho kwa picha moja. Hakuna lenzi ingine ya bei hiyo itakupa upana wa 18 (nambari ya mm ikiwa ndogo lenzi inaona pana, ikiwa kubwa inavuta karibu). Hiyo lenzi inabaki, swali ni nini kinaongezwa kando yake.

Sasa chukua lenzi yako uigeuze usome maandishi ya mbele. 2000D inauzwa na 18-55 za aina mbili na wauzaji wengi hawasemi. Moja imeandikwa IS, hiyo ina stabilaiza ndani. Ingine imeandikwa DC III bila hiyo IS, hiyo haina kitu cha kushika mtikisiko wa mkono hata kidogo. Kama yako ni DC III basi ukiwa umezumu mpaka 55 usishushe shata (muda kamera inabaki wazi kupokea mwanga) chini ya 1/100 ya sekunde, la sivyo mkono wako wenyewe unaharibu picha kabla hata mwimbaji hajasonga. Kama ni IS unaweza kushuka zaidi ukipiga kitu kilichotulia, ila stabilaiza inatuliza mkono wako wewe, haimtulizi mtu anayeruka na kupiga makofi. Hilo watu husahau, wanalaumu lenzi.

Ndio maana nataka ufungue zile picha mbaya za jioni, zile za kuona haya, uzumu moja moja kwa skrini ya kompyuta ama hata ya kamera. Angalia madhabahu na ile stendi ya maiki. Kama kila kitu kimetikisika pamoja, mimbari, ukuta, mtu, hiyo ni mkono wako. Kama mimbari imekaa imara na mikono na uso wa mwimbaji ndio umevutika, hiyo ni shata ya polepole. Kama stendi ya maiki iko kali kabisa mpaka unaona skrubu zake na uso wa mtu nyuma yake ndio haueleweki, hiyo ni fokasi imeenda pabaya, na hapo lenzi mpya haitakusaidia, utanunua na shida itakufuata. Kwa hiyo ya mwisho dawa ni bure, toa kamera kwa modi ya kujichagulia yenyewe kati ya pointi zote 9 za fokasi, weka pointi ya katikati peke yake, hiyo ndio ya kuaminika zaidi kwa 2000D, ilenge kwa jicho, fokasi ikishika sogeza fremu kidogo upige. Na chungulia kwa dirisha la juu, usitumie skrini, kwa kamera hiyo otofokasi ya skrini ni ya polepole sana gizani.

Mimi nakisia zako nyingi ni shata ya polepole na giza, kwa vile umesema kuna chenga pia. Hapo ndio 50mm inaingia, na nataka uone hesabu yenyewe ndio usinunue kwa kuambiwa.

18-55 ikiwa kwa 18 tundu lake linafunguka mpaka f/3.5 (nambari ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi), lakini ukizumu linazidi kujibana na ukifika 55 ni f/5.6. Wewe uko nyuma ya kanisa, unazumu kumfikia mwimbaji, yaani unaitafuta sura ya mtu pahali penye lenzi yako iko na mwanga kidogo kuliko pote. 50mm ya f/1.8 ikifunguka yote inapitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Tuseme jioni hiyo na 18-55 umefika ISO 6400 (ISO ni vile kamera inahisi mwanga, ikipanda chenga zinazidi), ambayo ndio mwisho wa kawaida wa 2000D, na shata ni 1/60. Chenga ni za hiyo 6400, mtikisiko ni wa hiyo 1/60. Weka 50mm pahali hapo hapo, taa zile zile, ifungue f/2 tu, hata sio yote, na sasa unapiga 1/125 kwa ISO 1600. Umepanda shata mara mbili na umeshusha ISO mara nne kwa wakati mmoja. Hiyo tofauti huhitaji jicho la fundi kuiona, hata yule mama wa kwaya ataiona kwa simu yake.

Jambo moja la taa hapo hapo kabla sijasahau: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na zile tyubu za zamani pamoja na LED nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona. Ukipata lenzi yenye mwanga mwingi utatamani kupanda mpaka 1/500, halafu unashangaa picha moja iko njano, ingine kijani, ama kuna michirizi ya giza imepita katikati. Rudi 1/100 na itatulia. Kwa watu wanaoimba wakiwa wamesimama 1/100 hadi 1/125 inatosha, subiri tu ile nukta wanapovuta pumzi mwisho wa mstari, hapo mwili unatulia.

Kuna kitu unaweza kufanya leo hata bila kununua chochote. Acha kuzumu kutoka nyuma. Ongea na mchungaji ama mzee wa kanisa upewe ruhusa ya kusogea pembeni ya madhabahu, rudisha lenzi kwa 18 ama 20, na hapo tundu liko 3.5, mwanga zaidi ya mara mbili ya ule wa 55. Miguu yako inaweza kukupa karibu nusu ya kile pesa itakupa. Na kwa kwaya nzima imejipanga bado utatumia hii hii 18-55 hata ukishanunua 50, kwa sababu 50mm kwa kamera yako ukisimama mita 5 inaona upana wa kama mita mbili na robo peke yake, hapo ni waimbaji wanne wamebanana.

Hapo tunafika kwa nyumba ndogo, na hii ndio sehemu inaumiza watu wengi wa Nairobi wanaonunua 50 kwa kusikia sifa. Sensa ya 2000D ni ndogo, inakata pembeni, kwa hivyo 50 inaonekana kama 80 kwa kamera kubwa. Single room ya futi kumi kwa kumi ni kama mita 3 ukuta kwa ukuta, toa kitanda, toa meza ya keki, toa wewe mwenyewe umejibana mlangoni, umebaki na mita 2. Kwa mita 2 lenzi hiyo inaona upana wa sentimita 90 hivi. Ni mtoto na keki, basi. Ukitaka mtu mzima kuanzia kichwa hadi viatu, umegeuza kamera wima, unahitaji mita 4 na zaidi, yaani uko nje kwa koridoo ya ploti na watu wanapita mbele yako na ndoo za maji. Lenzi yako ya sasa kwa 18 hapo hapo mita 2 inaona karibu mita mbili na nusu. Ndio maana nimesema isiuzwe.

Sasa jaribio lenyewe. Jumapili na kwa bathdei yoyote iko karibu, zungusha lenzi mpaka 55, chukua selotepu uifunge hapo isizunguke. 55 na 50 zimekaribiana sana, utajua maisha yake yatakuwaje. Piga kazi yote hivyo, usitoe tepu. Usiangalie mwanga, picha zitakuwa giza, hiyo tunajua. Angalia kama unapata pa kusimama. Kama kanisani na mahafali umepata fremu zako bila kugonga ukuta na mgongo, nunua 50. Kama kazi nyingi ya pesa ni ndani ya nyumba na umejikuta unarudi nyuma mpaka mlango, basi usinunue 50 saa hii, tafuta flashi yenye kichwa kinageuka. Watu wengine wangekuambia uchukue ile Canon 24mm f/2.8, ni nyembamba na nyepesi na inakaa vizuri ndani ya nyumba, lakini kwa shida yako naona haijatosha, f/2.8 kulinganisha na vile 18-55 iko ikiwa hapo kwa 24 ni nafuu ndogo kwa pesa hiyo.

Kwa upande wa flashi ndani ya nyumba, usimpige mtoto nayo usoni, geuza kichwa kiangalie dari kama ni nyeupe, mwanga ushuke kutoka juu. Kama nyumba ni ya mabati haina dari, geuza kwa ukuta mweupe ulio kando yako ama mwambie mtu ashike manila nyeupe kubwa, inauzwa kwa kila duka la vitabu, bei ya soda. Na kabla ya kulipia flashi yoyote ile iweke juu ya kamera YAKO na uone imewaka. Canon waliondoa ile pini ya katikati ya kiatu cha flashi (pale juu ya kamera flashi inaingia) kwa kamera zao kadhaa za bei ya chini, kama 4000D na 250D, na flashi nyingi za bei rahisi zinategemea hiyo pini peke yake. Angalia kiatu cha yako kama kina kitone cha chuma katikati. Muuzaji akisema "inaingiana na Canon zote" mwambie sawa, tuijaribu hapa.

Nikirudi kwa wateja wa nyuma kupotea. 50mm itafanya hivyo, na itafanya vizuri, hiyo ndio pesa ya haraka utaona msimu wa mahafali. Ila ujue ikifunguka yote kwa f/1.8 na mtu yuko mita 2, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 11 kutoka mbele kwenda nyuma. Mtu mmoja ametazama mbele, sawa. Mhitimu na mama yake ambaye amesimama nusu hatua nyuma, mama amepotea, na mama ndiye analipa. Watu wawili panda f/2.8 na uwapange sambamba, familia ya mistari miwili rudi mita 5 na uweke f/4, hapo una kama mita moja na nusu ya kuchezea. Pia 2000D shata yake inaishia 1/4000, na jua la saa sita hapa kwetu liko juu ya kichwa, ukifungua f/1.8 kwa jua hilo hata kwa ISO 100 picha inaungua nyeupe. Panda f/2.8 ama upeleke watu kivulini, na kivuli ni bora kwa kila njia, joho jeusi na uso mweusi kwa jua kali la juu unapata macho mawili ya giza chini ya ile kofia.

Na kabla hujainunua, jaribu hivi na 18-55: zumu 55, f/5.6, sogea mpaka uso na mabega yajaze fremu, halafu huyo mhitimu mtoe kwa ule ua wa nyuma, asiegemee, awe mbele yake mita 6 ama 7. Wapiga picha wengi wanamgandisha mtu kwa ua halafu wanauliza kwa nini nyuma haipotei. Haitakuwa laini vile 50 ingefanya, lakini wateja wawili watatu watanyamaza. Ukishapiga tuma kwa WhatsApp kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na kazi yako yote ya kuwa kali inaishia hapo.

Rafiki aliyesema ubadilishe kamera anakutakia mema lakini kwa elfu ishirini utapata kamera kuukuu kuliko hiyo yako, nayo itakuja na 18-55 nyingine ya f/5.6, na kanisa litabaki na giza lile lile. Lenzi hii ya 50mm, ambayo mdomo wake ni wa aina ya Canon EF, ukiinunua leo na miaka ijayo upate pesa ya Canon za kisasa zisizo na kioo, kama R50 ama R10, inaingia kwa adapta na otofokasi inafanya kazi. Kwa hivyo hiyo pesa haipotei na mwili wa kamera.

Imebaki mpya ama kuukuu. Ya elfu nane uliza kama ni II ama STM, maana kuna mbili zinafanana kwa jina. II ni ya tangu 1990, shingo yake pahali inashika kamera ni plastiki, otofokasi inapiga kelele. STM ilitoka 2015, shingo ni ya chuma, iko na pepe 7 za tundu (zile bapa nyembamba zinazolifunga na kulifungua) badala ya 5 kwa hivyo zile taa za nyuma zinakuwa duara laini, otofokasi ni tulivu, na inakubali kumkaribia mtu mpaka sentimita 35 wakati II inataka 45. Picha zenyewe, ukali, ziko karibu sawa, kwa hivyo II nzima si lenzi mbaya kwa mtu wa bajeti. Neno muhimu ni nzima. Kutana na huyo mtu pahali pa watu wengi na wewe ukiwa na kamera yako na betri imejaa, usitume "ya kushikilia" kwa M-Pesa hata akikuambia kuna mwingine yuko njiani. Washa tochi ya simu, pitisha mwanga kutoka nyuma ya lenzi, angalia ndani polepole. Vumbi mbili tatu si kitu. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, rudisha, hasa lenzi zilizokaa Pwani kwa unyevu. Halafu weka f/16 na shata ya sekunde 2, bonyeza ukiangalia kwa mbele, utaona zile pepe zikijifunga, zinafaa kujifunga chap na ziwe kavu, ukiona zinang'aa mafuta wacha. Mwisho piga macho ya mtu kwa f/1.8 kama mara kumi, fokasi ikishika na kuachilia, uzumu zote. Kuna pia ya Yongnuo inafanana sana kwa umbo na ni nafuu, ukikutana nayo fanya jaribio hilo la macho mara mbili zaidi kwa sababu ubaya wake ukiwepo uko hapo kwa otofokasi.

Mimi kwa kazi yako ningechukua STM, mpya yenye waranti ya duka ama kuukuu iliyopita hayo majaribio yote. Ukiipata kuukuu, pesa inayobaki isiguswe, hiyo ndio mwanzo wa flashi ya bathdei.

SWALI

Niko na Nikon D3500 na nimeona lenzi ya Nikon 50mm f/1.8D huko Luthuli Avenue, Nairobi, kwa bei nzuri sana kuliko zingine zote. Muuzaji anasema ni Nikon kwa Nikon, itaingia. Nichukue? – Msomaji, South B

JIBU

Dada usichukue, ama uichukue ukijua. Ni kweli itaingia, itapiga picha, na kipimo cha mwanga kitafanya kazi, lakini otofokasi haitasonga. Lenzi hizo za D hazina mota ndani, zinategemea mota iliyo kwa mwili wa kamera, na Nikon hawakuweka mota hiyo kwa D3500 wala kwa ndugu zake wa D3000 na D5000. Utakuwa unazungusha fokasi kwa mkono, na kwa f/1.8 na mtoto anayekimbia hiyo ni kazi ya kutoa jasho. Ndio maana ni bei nzuri.

Tafuta yenye AF-S ama AF-P imeandikwa kwa mwili wake. Na kama unapiga nyumbani na kwa familia, kabla ya 50 angalia ile AF-S DX 35mm f/1.8G, iko sokoni tangu 2009 kwa hivyo za mkono wa pili zinapatikana, ina uzito wa gramu 200 tu, na kwa kamera yako inaona karibu vile jicho linaona, unaweza kuketi na mtu meza moja na umpige bila kusukuma kiti nyuma. Kwa lenzi moja ya kuongeza juu ya 18-55, kwa mtu wa Nikon ndogo, sijaona ya kuishinda kwa pesa yake.

SWALI

Kijana wangu anacheza mpira shuleni na nataka kununua Canon 2000D. Kuna ofa ya lenzi mbili, 18-55 na 75-300, na tofauti na ile ya lenzi moja si kubwa. Hiyo 75-300 ni ya maana? – Baba, Kahawa West

JIBU

Mzee wangu, chukua ya lenzi moja na hiyo tofauti uiweke. Hiyo 75-300 III ni lenzi ya mwaka 1999, haina stabilaiza, otofokasi yake ni ya kujivuta, na ukifika 300, pale ndipo mtu hununulia lenzi hiyo, picha zinakuwa laini hata kwa jua. Mpira unataka shata ya 1/500 kwenda juu, mchana uwanjani hiyo utaipata, kwa hivyo stabilaiza si shida kubwa kwako, shida ni kijana amegeuka na mpira na lenzi bado inatafuta fokasi.

Weka pesa utafute 55-250 IS STM, hata ya mkono wa pili, na usome hiyo STM kabisa kwa mwili wake kwa sababu kuna 55-250 za zamani zisizo nayo. Ilitoka 2013, ni nyepesi kwa gramu 100 hivi kuliko hiyo 75-300, inashika fokasi haraka na bila kelele, na ni kali mpaka mwisho wa zumu. Usiogope kupoteza zile 50 kati ya 250 na 300, ukikata picha ya 2000D ilingane na ya 300 bado unabaki na megapikseli zaidi ya 16, na hiyo ni picha ya kutundika ukutani sebuleni.

Kama muuzaji anakusukuma, mwambie akuwekee zote mbili kwa kamera moja baada ya nyingine, simama mlangoni pa duka, piga nambari za matatu zinazopita barabarani, moja kwa 250 na moja kwa 300, shata iwe 1/1000 kwa zote. Kisha zumu kwa skrini usome nambari mwenyewe.